Kamba ya mwongozo (uzamiaji wa mapangoni)

Kamba ya mwongozo ni kamba nyembamba ambayo mzamiaji huitandaza nyuma yake anapoingia katika pango lililojaa maji, ili aweze kuifuata na kurudi mlangoni hata kama haoni kitu. Kamba hiyo huzungushwa kwenye gurudumu dogo la mkononi liitwalo rili, na hutumika pamoja na taa za majini. Vitu hivyo vitatu, yaani kamba, rili na taa, ndivyo msingi wa usalama katika uzamiaji wa mapangoni.

Kati ya vitatu hivyo, kamba ndiyo ya kwanza. Taa ikizimika, mzamiaji anaweza kutoka kwa kuishika kamba gizani. Lakini kamba ikikosekana, taa hata iwe kali namna gani haiwezi kumwonyesha njia katika maji yaliyochafuka kwa tope.

Kamba ya mwongozo hutumika pia ndani ya meli na vivuko vilivyozama, chini ya barafu, na katika utafutaji wa watu waliozama kwenye maji yasiyoonyesha. Matumizi yake hujifunzwa kwa vitendo chini ya mwalimu. Maelezo ya maandishi peke yake hayatoshi kumwandaa mtu kuingia pangoni.

== Kwa nini kamba inahitajika ==

Katika bahari ya wazi, mzamiaji aliyepata shida anaweza kupanda juu polepole hadi afike hewani. Ndani ya pango hawezi, kwa sababu juu yake kuna dari la mwamba. Njia ya kutokea ni ileile aliyoingilia, na huenda ikawa na urefu wa mamia ya mita. Ni lazima aipate kabla hewa ya mtungini haijaisha.

Mambo yanayoweza kumpoteza ni haya:

* Giza. Mzamiaji anapoingia ndani zaidi, mwanga wa jua hutoweka kabisa.
* Tope. Sakafu za mapango mengi zimefunikwa na tope laini kama unga, ambalo limetulia kwa miaka mingi. Pigo moja la mapezi ya miguuni linaweza kulitimua, na maji yaliyokuwa maangavu kama kioo yakageuka kama chai ya maziwa kwa sekunde chache. Mapovu ya pumzi nayo hugonga dari na kuangusha chembe. Taa haisaidii hapo, kwa kuwa mwanga hugonga chembe hizo na kumrudia mzamiaji machoni, kama taa kali za gari kwenye ukungu. Tope hilo linaweza kuchukua saa nyingi kutulia.
* Njia panda. Mapango ya chokaa huwa na matawi mengi. Tena, njia inavyoonekana wakati wa kuingia sivyo inavyoonekana wakati wa kutoka: tawi ambalo halikuonekana kabisa wakati wa kuingia linaweza kuonekana kama njia kuu wakati wa kurudi.
* Hofu. Mtu aliyepotea hupumua haraka, na hewa ambayo ingemtosha kwa dakika nyingi huisha upesi.

== Historia ==

Wazo la kufuata uzi ili kutoka gizani ni la kale. Katika ngano za Ugiriki ya kale, Theseus aliingia katika nyumba ya vichochoro kisiwani Kreta kumwua Minotauro, akatoka kwa kufuata uzi aliopewa na Ariadne. Ndiyo maana Wafaransa na Waitalia huiita kamba ya mwongozo "uzi wa Ariadne".

Mwaka 1935 Graham Balcombe na Jack Sheppard walizamia katika pango la Wookey Hole, Somerset, Uingereza, wakivaa kofia nzito za chuma na kupumua hewa iliyosukumwa kwa mpira kutoka nje. Mwaka 1946 Balcombe alianzisha chama cha wazamiaji wa mapangoni cha Uingereza, ambacho kinaendelea hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1946 Jacques Cousteau na Frédéric Dumas waliingia katika chemchemi ya Fontaine de Vaucluse, kusini mwa Ufaransa, wakitumia mitungi ya hewa. Hewa yao ilikuwa imechafuliwa na monoksidi ya kaboni kutoka kwenye mashine ya kujazia, wakaanza kupoteza fahamu wakiwa chini. Waliokolewa na kamba iliyowaunganisha na wenzao waliokuwa juu.

Mitungi ya hewa ilipoenea baada ya hapo, watu wengi zaidi waliingia katika chemchemi za Florida, Marekani, na wengi walifia humo. Sheck Exley (1949–1994), mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari huko Florida, alichunguza ajali hizo moja baada ya nyingine, na mwaka 1979 akachapisha kitabu kidogo cha mafunzo kilichojengwa juu ya uchunguzi huo. Aliona kwamba sababu zilikuwa zilezile: waliokufa hawakuwa na kamba isiyokatika hadi kwenye maji ya wazi, au hawakubakiza hewa ya kutosha ya kurudia, au walikwenda kina kikubwa mno. Kanuni za leo zimetokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo. Exley mwenyewe alifariki tarehe 6 Aprili 1994 katika shimo la Zacatón, Meksiko, akijaribu kufika kina kikubwa sana.

== Vifaa ==

=== Kamba ===

Kamba inayotumika sana ni ya nailoni iliyosukwa, yenye unene wa takriban milimita 2, na kwa kawaida ni nyeupe ili ionekane. Nailoni huzama kidogo. Kamba ya polipropilini haifai kwa sababu huelea, na kamba inayoelea hunasa miguu na mitungi.

Mara nyingi kamba hupigwa fundo kila baada ya mita 3. Mafundo hayo humwezesha mzamiaji kujua umbali. Kwa mfano, akihesabu mafundo 40 amekwenda mita 120.

Katika mapango yanayotembelewa sana, kama yale ya Florida na ya rasi ya Yucatán huko Meksiko, kuna kamba nene za kudumu. Kwa kawaida kamba hizo huanzia ndani, mbali kidogo na mlango, ili zisiwavutie watu wasio na mafunzo. Mzamiaji hufunga kamba yake nje, kwenye maji ya wazi, na kuiunganisha na ile ya kudumu. Hata pale palipo na kamba ya kudumu, basi, kazi ya rili inabaki.

=== Rili ===

Rili ina gurudumu la kuzungushia kamba, mpini wa kushikia, kitundu cha kupitishia kamba, na skrubu ya kuzuia gurudumu lisizunguke ovyo. Kuna aina tatu kwa matumizi:

* Rili kuu, yenye kamba ya mita 100 au zaidi, hubebwa na kiongozi wa kikundi.
* Rili ya usalama, yenye kamba ya mita 40 hadi 50, hubebwa na kila mmoja. Hii ni ya kutafutia kamba iliyopotea au mwenzi aliyepotea, na haitumiwi kwa jambo lingine.
* Vigurudumu vidogo visivyo na mpini hutumika kuunganisha kamba ya njia kuu na ya tawi. Wazamiaji wengi huvipenda kwa sababu havina sehemu za kukwama.

=== Alama ===

Kwenye kamba huwekwa vishale vya plastiki na visahani vya mviringo. Kishale huelekea upande wa mlango ulio karibu zaidi. Kisahani hakionyeshi upande. Mzamiaji huweka chake mwenyewe kwenye njia panda ili ajue alipotokea. Alama zote hutengenezwa ziweze kutambulika kwa vidole, maana huenda zikahitajika wakati hakuna mwanga.

=== Taa ===

Kila mzamiaji hubeba taa zisizopungua tatu: taa kuu moja na tochi mbili za akiba. Betri ya taa kuu inapaswa kudumu muda mrefu kuliko mzamo wote uliopangwa. Tochi za akiba hufungwa mahali ambapo mkono huzifikia bila kutazama, na hujaribiwa kabla ya kuingia. Zamani taa kuu ilikuwa na betri kubwa kiunoni na waya mrefu hadi mkononi. Taa za LED zimepunguza ukubwa huo, ingawa za waya bado zinatumika.

Kisu kidogo au mkasi pia ni lazima, kwa ajili ya kukata kamba iliyomnasa mtu.

== Jinsi ya kutandaza kamba ==

# Fundo la kwanza hufungwa nje ya pango, mahali ambapo mzamiaji anaweza kupanda juu moja kwa moja. Hufungwa kwenye mwamba imara, au gogo lisiloweza kusogea.
# Fundo la pili hufungwa ndani kidogo. Likifunguka la kwanza, kwa bahati mbaya au kwa mkono wa mtu mwingine, la pili hubaki.
# Kiongozi huendelea mbele akiachia kamba taratibu. Kila njia inapopinda huizungusha kamba kwenye jiwe, ili isivutwe kukatiza kona.
# Kamba hukaa upande mmoja wa njia, isivukevuke, na isipite mahali ambapo mtu hawezi kupita.
# Mzamiaji wa pili hufuata akikagua kila fundo. Yeye pia humulika mahali kiongozi anapofunga, ili kiongozi atumie mikono yake kwa kazi.
# Wakati wa kutoka mpangilio hugeuka. Kiongozi aliyeingia wa kwanza hutoka wa mwisho, akikunja kamba, na wenzake wote huwa kati yake na mlango. Kwa njia hiyo kamba haiondolewi kamwe mbele ya mtu ambaye bado yuko ndani.

Kosa linaloogopwa sana huitwa mtego wa kamba. Tuseme kiongozi amepita kwenye uwazi mpana wa chini, lakini hakuizungusha kamba kwenye jiwe la pembeni. Kamba ikivutika huhama na kuingia katika ufa mwembamba wa juu. Mtu mwenye macho huona na kupita chini. Lakini mtu anayerudi gizani kwa kupapasa atafuata kamba hadi kwenye ufa ambao mkono wake unapita na kifua chake hakipiti. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila kamba inapofungwa ni moja: je, mtu asiyeona ataweza kupita hapa?

== Kushika rili na taa kwa pamoja ==

Mzamiaji ana mikono miwili na kazi nyingi. Wengi hufunga taa nyuma ya kiganja kwa kishikio maalumu, na kuishika rili kwa mkono huohuo, ili mkono wa pili ubaki huru kufunga mafundo, kusoma saa ya kina, au kushughulikia vali ya mtungi. Faida nyingine ni kwamba taa humulika palepale kamba inapoelekea.

Kidole hukaa kwenye gurudumu la rili kama breki. Kamba inatakiwa kubaki imenyooka wakati wote. Gurudumu likiachwa lizunguke lenyewe, kamba hulegea na kutengeneza vitanzi. Wakati wa kurudi, kidole huipanga kamba isirundikane upande mmoja, maana ikirundikana hukwama. Ikikwama, hakuna haja ya kung'ang'ana nayo: rili hufungwa kwenye jiwe na kuachwa pangoni, na kikundi hutoka. Rili inaweza kununuliwa tena.

Taa isiachwe ikining'inia kwa waya wake. Waya unaoning'inia karibu na kamba iliyolegea ni hatari kubwa, kama ajali ya Boesmansgat inavyoonyesha hapa chini.

== Ishara ==

Chini ya maji taa ni njia ya mazungumzo. Ishara zinazokubalika kwa kawaida ni tatu:

* Duara linalochorwa polepole ukutani: "Niko salama, nawe?" Jibu ni duara lilelile.
* Mwanga unaokwenda huku na huku polepole: "Nisikilize."
* Mwanga unaokwenda huku na huku kwa haraka: "Hatari, nahitaji msaada sasa."

Ili ishara hizi zieleweke, mwanga wa kila siku unapaswa kuwa mtulivu. Mtu anayerusha taa ovyo huwatia wenzake wasiwasi bila sababu, na siku akiwa na shida ya kweli huenda wasimjali. Pia ni vibaya kummulika mwenzi machoni, kwa sababu humchukua muda kuona tena gizani.

Mwanga ukikosekana, wazamiaji huwasiliana kwa kugusana. Kila mmoja huizungushia kamba kidole gumba na cha shahada bila kuivuta, na kwa mkono wa pili humshika aliye mbele yake. Kumsukuma mbele kuna maana ya kwenda, kumvuta nyuma ni kurudi nyuma, na kumbana ni kusimama. Ishara hizi hukubaliwa kabla ya kuingia majini.

== Matatizo na namna ya kuyakabili ==

'''Taa kuzimika.''' Taa moja ya mtu yeyote ikizimika, mzamo umekwisha kwa wote. Mwenye shida hushika kamba kwanza, kisha hutoa tochi ya akiba, na kikundi hugeuka.

'''Maji kuchafuka.''' Kila mmoja hushika kamba mara moja, kabla haijatoweka machoni. Kuahirisha kwa sekunde chache kunatosha kuipoteza.

'''Kupoteza kamba.''' Jambo la kwanza ni kusimama na kutulia. Mzamiaji humulika pande zote, au huifunika taa yake kifuani ili aone kama kuna mwanga wa wenzake. Akikosa, hufunga rili yake ya usalama kwenye mwamba alipo, kisha hutafuta kamba kwa kwenda upande mmoja baada ya mwingine, akirudi kila mara mahali alipofunga. Bila kufunga hivyo, kila hatua ya kutafuta inaweza kumpeleka mbali zaidi.

'''Kunaswa.''' Anayenaswa husimama na kurudi nyuma kidogo ili kamba ilegee. Hageuki, kwa kuwa kugeuka huizungusha kamba mwilini. Mara nyingi mwenzi humfungua. Kukata ni hatua ya mwisho, na kabla ya kukata ni lazima ncha ya upande wa mlango ishikwe au ifungwe.

'''Kumpoteza mwenzi.''' Anayetafuta huweka alama kwenye kamba, hupima hewa yake, na kutafuta kwa muda tu ambao hewa hiyo inaruhusu.

== Kanuni tano ==

Mafunzo mengi duniani hufupisha usalama wa mapangoni katika kanuni tano:

# Asiingie mtu asiye na mafunzo ya mapangoni, hata kama ni mzamiaji hodari wa baharini.
# Kuwe na kamba moja isiyokatika kutoka maji ya wazi hadi alipo mzamiaji.
# Hewa igawanywe kwa tatu: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi ya dharura. Kwa mfano, mtungi ukiwa na bar 210, mzamiaji hugeuka anapobakiwa na bar 140. Anayetumia hewa haraka kuliko wenzake ndiye anayeamua wakati wa kugeuka.
# Kina kisizidi uwezo wa gesi inayopumuliwa na mafunzo ya mzamiaji.
# Kila mtu awe na taa tatu.

Kanuni nyingine hukubaliwa na wote: mtu yeyote anaweza kusimamisha mzamo wakati wowote, bila kuulizwa sababu na bila kuchekwa.

== Ajali na uokoaji maarufu ==

=== Boesmansgat, Afrika Kusini ===

Boesmansgat ni shimo la maji lenye kina kikubwa sana katika jimbo la Northern Cape. Mwaka 1994 kijana Deon Dreyer alifia humo. Mwaka 2004 Dave Shaw, rubani kutoka Australia, aliuona mwili wake sakafuni, kwenye kina cha takriban mita 270, akaufunga kamba ili upatikane tena. Tarehe 8 Januari 2005 alirudi kuuchukua.

Kwa kawaida Shaw aliitundika taa yake shingoni alipohitaji mikono yote miwili. Siku hiyo alivaa kofia yenye kamera, hivyo taa ikabaki ikielea pembeni kwa waya wake. Mwili, ambao haukutarajiwa kusogea, ulianza kuelea, na katika kushughulika nao waya wa taa ulinasa kwenye kamba. Katika kina kile kila juhudi huongeza pumzi kuliko mapafu yanavyoweza kuondoa hewa chafu. Shaw alifariki hapo. Siku chache baadaye, wenzake walipokuwa wakiondoa vifaa, miili yote miwili ilipanda pamoja, kwa kuwa taa ya Shaw ilikuwa bado imeshikamana na kamba.

Ajali hiyo hufundishwa mpaka leo. Shaw alikuwa na kamba na taa nzuri, na uzoefu mkubwa. Kilichobadilika ni mahali pa kuweka taa.

=== Tham Luang, Uthai ===

Tarehe 23 Juni 2018 wavulana 12 na kocha wao msaidizi walinaswa na mafuriko katika pango la Tham Luang, mkoa wa Chiang Rai. Tarehe 2 Julai wazamiaji wawili Waingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliwakuta wakiwa hai. Waliwafikia huku wakitandaza kamba katika maji ya tope yenye mkondo mkali. Kamba hiyo ndiyo iliyokuwa barabara ya kila kilichofuata: chakula, barua, daktari, na hatimaye wavulana wenyewe, waliotolewa mmoja mmoja kati ya tarehe 8 na 10 Julai.

Tarehe 6 Julai Saman Kunan, mwanamaji wa zamani wa Uthai, alifariki katika kazi ya kupeleka mitungi. Siku ya mwisho mzamiaji Chris Jewell, akiwa na mvulana mmoja mikononi, aliiponyoka kamba katika maji yasiyoonyesha kitu. Alipapasa hadi akakuta waya wa umeme, akaufuata na kufika mahali penye hewa, na mvulana akaokoka. Hata bingwa anaweza kupoteza kamba. Alichofanya ni kutulia na kutafuta kitu cha kushika.

== Afrika Mashariki ==

=== Mapango ya pwani ===

Pwani ya Waswahili imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe ya kale, ambayo maji huyatoboa kwa urahisi. Mapango ya Amboni karibu na Tanga yamo katika chokaa, na Shimoni nchini Kenya imepata jina lake kutokana na mashimo yake. Huko Unguja, pango la Mangapwani na pango la Kuza huko Jambiani yana madimbwi ya maji baridi ndani yake.

Madimbwi kama hayo huvutia kwa uangavu wake, na hapo ndipo penye hatari. Mwogaji anaweza kuona uwazi unaoendelea chini ya mwamba na kutamani kuchungulia. Mtu anayepiga mbizi kwa pumzi moja hana mtungi wala akiba, na giza na tope humpata kama vinavyompata mzamiaji mwingine. Kanuni ni rahisi: asiyekuwa na kamba, taa tatu na mafunzo aishie pale anapoona anga juu ya kichwa chake.

=== Dar es Salaam ===

Dar es Salaam haina mapango makubwa ya maji yanayojulikana kwa uzamiaji, lakini ina mazingira yanayohitaji maarifa hayohayo. Mbele ya Kunduchi na Mbweni, wilayani Kinondoni, kuna visiwa vya Mbudya na Pangavini na miamba ya Fungu Yasini, na kusini yake kisiwa cha Bongoyo. Maeneo hayo yalitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Kingo za visiwa hivyo ni matumbawe ya kale yaliyomomonyolewa chini na mawimbi, yakaacha paa za mawe zilizoning'inia na mashimo yanayoingia ndani.

Upande wa kusini, pwani ya Kigamboni, ambayo ilikuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya ya pekee, ina miamba ya namna hiyohiyo. Wavuvi wanaozamia pweza na kambakochi huingiza mkono, na pengine kichwa, katika mashimo hayo. Wakati wa masika mito ya Msimbazi, Kizinga na Mzinga humwaga maji ya tope, na uoni karibu na mji hupungua sana.

Makao ya Kamandi ya Jeshi la Wanamaji ya Tanzania yako Kigamboni. Watu wanapozama nchini, wazamiaji wa jeshi, polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hufanya kazi pamoja na wavuvi wa eneo husika. Namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

=== Vyombo vilivyozama ===

Kwa mzamiaji, chombo kilichopinduka ni pango la chuma. Kina dari, giza, vyumba vya njia panda, na zaidi ya hayo waya, nyavu na mizigo inayoelea. Historia ya Afrika Mashariki ina mifano ya uchungu.

MV Bukoba ilipinduka na kuzama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. Kivuko MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kufika kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Tarehe 22 Septemba, siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa fundi mitambo wa kivuko akiwa hai ndani ya chombo, mahali palipobaki hewa. Tukio hilo linaonyesha kwa nini kuingia ndani ya chombo kilichopinduka ni kazi isiyopaswa kuachwa mapema, na kwa nini inahitaji watu waliofundishwa kuingia na kutoka.

Huko Mombasa, gari lililotumbukia kutoka kwenye kivuko cha Likoni tarehe 29 Septemba 2019 lilikuwa kwenye kina cha mita 58. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, baada ya siku nyingi za kutafuta katika maji yenye giza na mkondo.

== Mafunzo ==

Mafunzo ya kamba huanzia nchi kavu. Mwalimu hufunga kamba kwenye miti na mawe, akiweka kona, njia panda na mitego. Wanafunzi hutandaza kamba yao, kisha hufungwa macho na kuifuata kwa mkono, wakishikana na kupeana ishara za mguso. Zoezi hili halihitaji maji wala mitungi, na linaweza kufanyika katika uwanja wowote wenye miti. Baada ya hapo hurudiwa kwenye maji ya wazi ya kina kidogo, kwanza macho yakiona, kisha miwani ikiwa imefunikwa. Mwanafunzi huingia pangoni baada tu ya kuweza kufanya yote hayo bila kutimua tope.

== Tazama pia ==

* Uzamiaji
* Pango
* Mapango ya Amboni
* MV Bukoba
* MV Nyerere
* Kisiwa cha Mbudya